Pipa Hulazwa Ubavu

Hapa Mokambo, upande wa Congo, watu wananijua kama muuza mazutu, yaani dizeli. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya forodhani, mahali ambapo malori hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Mufulira, upande wa Zambia, na madereva huja na madumu yao. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya mazutu nilikuwa mtu wa mafuta ya helikopta. Kwa misimu mitatu nilifuatana na kampuni iliyokuwa ikipima madini ya Katanga kutoka angani. Kazi yangu ilikuwa mapipa: kuyapokea, kuyalaza, kuyasimamisha, kuyapima, kuyapampu. Rubani alikuwa Mkenya, mtu mpole mwenye macho makali. Mimi nilimwita Kapiteni, yeye akaniita Mzee, ingawa siku zile sikuwa na mvi hata moja.

Naandika haya kwa sababu kila helikopta inapoanguka mahali popote duniani, vijana wa hapa kibandani hunieleza ilivyokuwa: injini ilizimika, ikaanguka kama jiwe. La injini mara nyingine ni kweli. La jiwe si kweli, na katika tofauti ya hayo mawili kuna watu wanaopona na watu wanaozikwa.

Jioni ya Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024, redio ilikuwa wazi tulipopata habari za Kenya. Mkuu wa majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikuwa ameondoka kwa helikopta kutoka shule ya wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Muda mfupi baada ya kupaa ikaanguka Sindar, kaunti ya Elgeyo Marakwet, ikashika moto. Ndani walikuwa watu 12, wakapona wawili. Ogolla mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita, na alikuwa amewahi kuliongoza jeshi la anga la nchi yake. Siku tatu baadaye akazikwa kwao Siaya bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza. Helikopta ilikuwa ya aina ya Huey, chombo cha Kimarekani kilichoruka mara ya kwanza mwaka 1956 na ambacho majeshi mengi bado yanakitumia. Ina injini moja. Wizara ya ulinzi ya Kenya ilichunguza, na matokeo yaliyofikishwa bungeni mwaka 2025 yakataja injini, kwamba ilipoteza nguvu ikiwa angani.

Muda mfupi baada ya kupaa. Maneno hayo ndiyo yaliyonikaa moyoni usiku ule. Sikuwa Sindar, wala siwezi kusema rubani yule aliweza nini au hakuweza nini. Lakini najua kwa nini dakika zile ni mbaya kuliko nyingine zote, maana Kapiteni alinionyesha nikiwa nimekaa kiti cha pembeni yake.

Kwanza tazama baiskeli. Wale vijana wanaoleta makala, yaani mkaa, kutoka porini, magunia manne nyuma na moja limelazwa juu, wakifika mteremko huacha kukanyaga. Pedali zinasimama, gurudumu linaendelea, na nyuma unasikia ule mlio wa tikitiki. Kuna kifaa pale kinachoruhusu gurudumu lizunguke bila kungoja mguu. Helikopta nayo ina kifaa cha namna hiyo kati ya injini na mapanga yake ya juu. Injini ikifa, haiyakabi mapanga. Inayaachia. Na chombo kinaposhuka, upepo unapita kutoka chini kwenda juu katikati ya mapanga na kuyazungusha, kama mbegu ya mti wa mlama yenye mabawa manne inavyozunguka ikidondoka. Mteremko wa baiskeli ni barabara. Mteremko wa helikopta ni hewa yenyewe.

Lakini upepo hautaki kuyazungusha mapanga yaliyoinama vibaya. Helikopta inapopaa, mapanga huwa yamegeuzwa ili yaikate hewa kwa nguvu na kuinua mzigo. Injini ikikatika huku yamekaa hivyo, hewa inayakaba, mwendo unapungua. Rubani ana wenzo kwenye mkono wa kushoto, kama breki ya mkono ya gari la zamani. Ni lazima aushushe hadi chini mara moja, mapanga yalale, upepo uanze kuyasukuma. Kwa helikopta ndogo kama Robinson, ambazo mapanga yake ni mepesi, ana sekunde moja, labda mbili. Hiyo ni pamoja na sekunde ya kushangaa. Akichelewa, mapanga yanapunguza mwendo kupita kiasi, na yakifika hapo hakuna awezaye kuyarudisha. Hapo ndipo inakuwa jiwe.

Siku aliyonionyesha tulikuwa tunarudi upande wa Sakania, hatuna mzigo, Kapiteni akiwa na mazoezi yake ya kawaida. Akaniambia, "Mzee, kaza mkanda. Nitaondoa nguvu." Akapunguza injini hadi ikabaki kunguruma kidogo tu, kama lori lililosimama. Mkono wake wa kushoto ulishuka pamoja na neno la mwisho, havikupishana. Tumbo langu likabaki juu. Sikusikia tena ule mngurumo niliouzoea, nilisikia upepo, na mapanga yakivuma kwa sauti nyembamba. Niliona sindano moja ndogo ikitetemeka ndani ya alama ya kijani, na macho ya Kapiteni yakienda hapo na kurudi nje, hapo na nje. Mbele kulikuwa na uwanda mweusi ambapo watu walikuwa wamechoma makala. Akauelekea. Tulikuwa tumeanza kama mita 300 juu ya miti, na tulishuka mita kama nane kila sekunde, kwa hiyo hesabu mwenyewe: hazikutimia sekunde 40. Usawa wa vilele vya miti akavuta fimbo ya katikati, pua ikainuka, tukakaa kama mtu anayeegemea nyuma kwenye kiti, mwendo wa mbele ukafa. Nilidhani tutaketi kwenye majivu. Akarudisha nguvu ya injini, tukaondoka.

Aliponiteremsha nilimwuliza ingekuwaje kama injini ingekuwa imekufa kweli. Akasema pale mwisho angeinua wenzo wa kushoto. Mapanga yanapozunguka yanabeba akiba ya nguvu ndani yake. Ukiyageuza yakate hewa tena, yanakupa mkono wa mwisho wa kukuweka chini taratibu. Akiba ni ya mara moja. Ukiitumia mapema, ukiwa bado mita kumi juu, unabaki hewani bila kitu.

Sasa utaona kwa nini kupaa ni hatari. Mteremko unahitaji ama urefu, ama mwendo wa mbele. Ukiwa na mita 300 chini yako una sekunde za kushusha wenzo, kuchagua mahali na kuikuza akiba. Ukiwa chini lakini unakimbia, unaweza kuubadilisha ule mwendo uwe akiba. Ukiwa chini na umesimama hewani, au unapanda polepole na watu wamejaa ndani, huna hiki wala kile. Kila helikopta ina mchoro kwenye kitabu chake unaoonyesha urefu na mwendo, na sehemu moja imetiwa kivuli. Ndani ya kivuli hicho injini ikifa, ustadi wa rubani haumsaidii sana. Wanaopima madini huishi humo. Helikopta yetu iliburuta chombo cha kupimia kwa kamba, chombo kikiwa mita 30 na kitu juu ya ardhi, nayo yenyewe juu ya hapo kidogo, kutwa nzima, mstari baada ya mstari kama mtu anayelima matuta. Ndiyo maana Kapiteni alikuwa mkali juu ya jambo moja kuliko yote, na jambo hilo lilikuwa mikononi mwangu.

Mafuta ya ndege ni ndugu wa yale ya taa. Ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiingia huzama. Pipa la lita 200 likisimamishwa nje, uso wake wa juu una ukingo, na mvua ikinyesha panakuwa na kidimbwi. Wengi wanadhani kifuniko kikikazwa basi maji hayawezi kuingia. Yanaingia. Mchana jua linalipasha pipa, hewa ya ndani inapanuka na kutoka kidogo kwenye nyuzi za kifuniko. Usiku baridi inashuka, hewa iliyobaki inajikunja, na pipa linavuta. Linavuta kile kilicho juu yake. Ndiyo sababu pipa la ndege hulazwa ubavu, na vifuniko vyake viwili vikae kulia na kushoto usawa mmoja, kama masikio. Hapo mafuta yanavigusa kwa ndani na raba haikauki, na kwa nje mvua haina pa kutuama. Kabla ya kulitumia unalisimamisha na kuliacha litulie. Sisi tulihesabu saa moja kwa kila kina cha sentimita 30, yaani saa tatu kwa pipa zima. Bomba la pampu haligusi chini. Kile kinachobaki chini hakiingii kwenye helikopta kamwe, hata kama tajiri analalamika kwamba unamwaga pesa.

Msimu wa pili, mvua za kwanza, lori la mapipa lilifika usiku. Vijana wa kushusha walikuwa wamechoka, wakayaacha yamesimama, nami nilikuwa nimelala hoi kwa malaria. Ilinyesha mpaka alfajiri. Asubuhi nilijikokota, nikachota sampuli ya pipa la kwanza kwenye chupa ya kioo, nikaiinua dhidi ya mwanga. Mafuta mazuri huangaza, unaona vidole vyako upande wa pili. Haya yaliangaza. Nikainamisha chupa. Chini kabisa kulikuwa na kitu cha duara, kimetulia kama mboni ya jicho, na nilipoinamisha kikateleza upande mmoja, nikainamisha tena, kikarudi. Maji ya kijiko kimoja, pengine hayakufika. Nikapaka ile dawa ya kupimia kwenye kijiti, ikabadilika rangi.

Kapiteni alikuja, akaichukua chupa, akaitazama muda mrefu bila neno. Kisha akaimwaga, akahesabu mapipa yaliyokuwa yamesimama, akasema yote yasiguswe. Siku ile hatukuruka. Mkubwa wa kambi alipandisha sauti hadi wapishi wakatoka jikoni kusikiliza, maana siku moja ya helikopta chini ni maelfu ya dola. Kapiteni alimsikiliza akiwa amekunja mikono, na alipomaliza akasema neno moja tu, kwamba injini haiwezi kuunguza maji. Akaenda zake kula bukari, ugali wetu.

Ni kweli neno lile. Kuna vichujio njiani, na maji machache yaliyotawanyika yanaweza kupita bila rubani kuhisi. Lakini donge la maji likifika kwenye moto wa injini, moto unazimika, na moto ule ndio kila kitu. Maji yakikaa muda mrefu chini ya mafuta huota utelezi, vijidudu vinavyoishi pale mafuta na maji yanapokutana, na utelezi ule huziba vichujio siku ambayo maji yenyewe yameshaondolewa na kila mtu amesahau.

Mtu anaweza kuniambia: weka injini mbili. Ni jibu zuri, na katika Congo helikopta kubwa za Umoja wa Mataifa, zile Mi-8 za Kirusi, zina mbili. Lakini usiku wa tarehe 29 Novemba 2013, helikopta ya polisi yenye injini mbili iliangukia paa la baa iitwayo Clutha, mjini Glasgow, Uskoti. Walikufa watu 10, watatu waliokuwa angani na saba waliokuwa chini. Wachunguzi wa Uingereza walipopima matangi walikuta tangi kubwa lina zaidi ya kilo 70 za mafuta, huku matangi madogo mawili yanayolisha injini yakiwa karibu yamekauka. Pampu za kuhamisha mafuta kutoka tangi kubwa zilikuwa zimezimwa. Taa za onyo ziliwaka. Injini ya kwanza ikafa, ya pili ikafuata baada ya sekunde 32. Na jambo lililonitia baridi niliposimuliwa ripoti ile: mapanga yalikuwa yamesimama kabisa wakati helikopta inagusa paa. Ule mteremko wa hewa haukupatikana. Mafuta yalikuwepo. Hayakufika tu.

Mwingine aliupata mteremko, na bado. Tarehe 11 Machi 2018, New York, helikopta ya injini moja ilikuwa imebeba abiria watano waliotaka kupiga picha za mji milango ikiwa wazi, kila mmoja amefungwa kamba asianguke. Kamba ya abiria wa mbele ilinasa wenzo wa sakafuni unaokata mafuta, na ulipovutwa injini ikanyamaza. Rubani alifanya kazi yake: akashusha wenzo wa kushoto, akauelekea mto, akaiweka juu ya maji. Maboya ya pembeni hayakujaa sawasawa, helikopta ikapinduka, na wale watano, ambao kamba ziliwashika migongoni, wakazama. Rubani alitoka. Nikikumbuka kisa kile huwa nawaza yule aliyewafunga kamba pale uwanjani. Alikuwa akiwalinda.

Upande wetu kuna adui wengine ambao Glasgow hawawajui. Vumbi, kwa mfano. Kuanzia Juni hadi Oktoba, Mokambo yote ni nyekundu, na Agosti watu wakichoma majani, majivu yanapanda angani hadi jua linageuka chungwa. Injini ya helikopta kubwa ni feni ndani ya feni, vibapa vya chuma vinavyozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika na kuvuta hewa iliyopo, safi au chafu. Mchanga unavila pole pole kama jiwe la kunolea, na ukifika sehemu ya moto unayeyuka na kuganda kama kioo. Fundi wetu aliiosha injini kwa maji safi kila jioni, yaliyochujwa, na vijana wa kijiji walicheka kwamba tunaoga injini kabla ya sisi wenyewe kuoga. Kwenye mafuta ya kulainisha kulikuwa na kizibo chenye sumaku. Kikikamata kipande cha chuma, taa inawaka kwa rubani. Iliwaka mara moja, Kapiteni akatua kwenye shamba la mahindi la mama mmoja bila kumwomba ruhusa. Fundi alipokichomoa kizibo alikuta unyoya mweusi, laini kama vumbi la msasa. Hakukuwa na kipande. Wakakisafisha, wakachunguza, wakaruka kesho yake, na mama akalipwa mahindi yake.

Halafu joto. Uwanja wa Luano, Lubumbashi, uko mita 1,309 juu ya bahari. Oktoba saa nane mchana, nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi kama ile ya mlima unaopita mita 2,000. Injini inapumua kidogo, mapanga yanashika kidogo. Helikopta iliyoinua watu sita asubuhi huenda isiwainue mchana, na ile ya injini mbili iliyopoteza moja huenda isikae angani kwa iliyobaki. Kapiteni alikuwa na mizani ya bafuni ndani ya hema. Wageni wakubwa kutoka mjini walipandishwa juu yake na mifuko yao, hata wakikasirika. Kwa helikopta ndogo za petroli kuna la kushangaza zaidi, kwamba barafu inaweza kuota ndani ya kabureta na kuinyonga injini wakati mtu nje yuko na shati la mikono mifupi, mradi hewa ina unyevu. Hilo sikuliona kwa macho, alinieleza yeye.

Utaona kwamba nimetaja pampu iliyozimwa, kamba, mizani, vumbi, pipa, na rubani mara chache. Sitaki kumwondolea rubani kazi yake. Nimekaa pembeni yake na najua uzito wa ile sekunde moja. Lakini ile sekunde huandaliwa saa nyingi kabla, na watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye tiketi. Huwa nachukia kusikia redioni kwamba "injini ilileta hitilafu", kana kwamba injini iliamka siku hiyo na kuamua.

Wiki moja baada ya Sindar nilimpigia Kapiteni. Amestaafu, ana ng'ombe. Alikuwa amemfahamu mmoja wa waliokuwemo, hakusema yupi, na sikumwuliza. Tulikaa kimya kidogo, nikasikia ndama akilia upande wake. Kisha akaniuliza ninafanya nini siku hizi. Nikamwambia nauza mazutu mpakani, mapipa ishirini na kitu. Akauliza nayaweka namna gani.

Nilitoka nje na simu sikioni kuyatazama, ingawa nilijua. Mpwa wangu, anayenisaidia kazi, alikuwa amesimamisha moja ili alikalie, anakula karanga. Nikampa ishara. Akashuka, akaliinamisha, akalilaza kwa uangalifu kando ya mengine, kisha akalizungusha kidogo kwa mguu mpaka vifuniko vyote viwili vikawa sawa, kulia na kushoto.